Kuhiji Subukia: jipange hivi
Kutoka Nakuru panda matatu ya Nyahururu inayopitia Subukia, mwambie konda akushushe kwa Mama Maria, yaani pale kwa madhabahu ya kitaifa ya Wakatoliki ya Bikira Maria. Oktoba ndio maaskofu wa Kenya huongoza sala ya kitaifa hapo, watu hujaa kutoka kila dayosisi, kwa hivyo ukitaka utulivu chagua siku ya kawaida. Vaa raba kabisa! Njia ya Msalaba inapanda mlima kituo baada ya kituo mpaka kwa chemchemi, na kwangu hapo ndio penyewe, unakuta wamama wazee na rozari mkononi wanapanda polepole, wengine wanajaza vichupa vya maji wawapelekee wagonjwa nyumbani. Beba chupa yako pia, na sweta, mvua ikinyesha kule kunateleza.