Kabla hujalipia programu ya kukagua tafsiri, fanya hivi kwanza

Wafasiri wenzangu wa huku Nyanda za Juu Kusini mnauliza sana kuhusu hizi programu zinazolinganisha tafsiri na maandishi ya chanzo na kuonyesha makosa kama ya namba, ninunue au nisinunue? Jibu liko kwenye mafaili yako, sio kwenye tangazo.

Hatua ya kwanza, tafuta kazi ulizokwisha kabidhi zenye namba nyingi. Hapa Mbeya hazikosekani, zile karatasi za dawa za viazi na mahindi zinatosha kabisa.

Hatua ya pili, anza na vya bure. Kama una Trados au memoQ, zile programu za kufanyia tafsiri, ukaguzi umo humohumo, umeshaulipia tayari, ila wengi hata hawajawahi kuufungua. Kama huna, CheckMate ya Okapi ni bure na Xbench 2.9 pia, toleo la 3 ndo la hela. Hiyo 2.9 ni ya zamani na inasumbua kwa lugha zisizotumia herufi za Kilatini, Kiswahili wala hakina shida hiyo.

Hatua ya tatu ndo yenyewe na usiipige chenga. Endesha ukaguzi, pitia moja moja alama za makosa inazokuonyesha, daftari pembeni, kosa la kweli huku, kelele kule. Kelele zitakuwa nyingi jamani! Chanzo kina 7:00 am, umeandika saa 1 asubuhi, inalalamika namba hazilingani. Umeandika haraka haraka, inasema neno limejirudia. Orodha ya istilahi ina mkulima, umeandika wakulima, nayo kosa. Ila ikikukamatia ml 20 kwa bomba la lita 15 zimegeuka ml 200, hapo imefanya kazi, maana mtu wa Uyole atapima vilevile ulivyoandika. Na "usipige dawa mvua ikikaribia" ikiwa imetoka "piga dawa", hakuna namba iliyobadilika, ukaguzi wa aina hii unapita tu, hiyo ni macho yako.

Hatua ya nne, zima ukaguzi wa maneno yanayojirudia, wa namba usiguse, endesha tena.

Sasa hela. Kama vya bure vimekamata kila kosa la kweli la namba na istilahi, usilipe. Lipia pale visipofungua aina ya faili za mteja, au mteja anapotaka ripoti ya programu fulani, na hapo muulize kwanza kama leseni anatoa yeye, wapo wanaotoa. Nyingi zina muda wa majaribio, usiuanze mpaka uwe na kazi kubwa mkononi na umeme haukatikikatiki.