Somo: Kuunga na Kuzoesha Amplifaya ya Mtumba

Amplifaya iliyosalimika miaka arobaini inaweza kuungua ndani ya sekunde chache tangu ifike nyumbani, kwa sababu tu mwenyewe alikuwa na hamu ya kusikia muziki kabla ya kujua mashine yake inataka umeme gani. Somo hili linahusu amplifaya za stereo za transista za miaka ya 1970 hadi 1990, zile za Sansui, Pioneer, Technics, Kenwood, NAD na wenzao. Amplifaya za valvu hazimo humu, kwani zina kanuni zake, na mojawapo ni kwamba haifai kuziwasha bila spika, ilhali hapa tutaanza bila spika kwa makusudi.

Hatua ya 1: Soma maandishi ya nyuma

Igeuze na usome karibu na pale waya wa umeme unapotokea. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani huandikwa AC 100V, ya Marekani 120V, na ya Ulaya kati ya 220V na 240V. Umeme wa Tanzania ni volti 230 na wa Kenya ni volti 240, kwa hiyo mashine ya Japani ikichomekwa moja kwa moja inapokea zaidi ya mara mbili ya kiasi chake. Usitegemee umbo la plagi, maana huenda mtu aliyekutangulia alikata ile bapa ya pini mbili akafunga ya pini tatu bila kugusa kitu kingine. Ushahidi ni maandishi. Mashine nyingine zina kiteuzi cha volti kinachozungushwa kwa bisibisi. Kiweke panapostahili wakati plagi imechomolewa, kisha utazame kama fyuzi inalingana na thamani iliyoandikwa kwa volti hiyo. Fyuzi iliyozungushiwa karatasi ya sigara au kuunganishwa kwa uzi wa waya ni sababu tosha ya kumpelekea fundi kabla ya lolote.

Hatua ya 2: Tazama na unuse

Tikisa taratibu usikie kama kuna skrubu iliyolegea ndani. Nusa matundu ya juu: harufu ya kuungua haifichiki. Ukiwa na tochi, chungulia kapasita kubwa mbili, zile kopo zilizosimama karibu na transfoma, uone kama vichwa vyake vimevimba. Kifuniko usikifungue ikiwa hujazoea kazi hiyo, kwani kapasita hizo huhifadhi umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Hatua ya 3: Washa kupitia balbu

Hii ndiyo hatua inayookoa mashine nyingi, na ndiyo inayorukwa na wengi. Mwombe fundi akutengenezee ubao wenye holda ya taa na soketi, ambapo waya wa moto unapita kwanza kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 au 100 ndipo uingie kwenye soketi. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii. Ikiwa amplifaya ni ya volti 100, ubao ukae upande wa umeme wa ukutani, kabla ya transfoma ya kushushia volti.

Chomeka amplifaya kwenye ubao bila spika, bila CD pleya, sauti ikiwa sifuri, kisha bonyeza swichi. Balbu itamulika kwa nguvu kwa kitambo kifupi wakati kapasita zinajaa, halafu itafifia hadi ubaki wekundu hafifu wa nyuzi. Hiyo ni dalili njema. Ikibaki inang'aa sana bila kufifia, ndani kuna shoti, na balbu imekula umeme ambao ungeunguza transista. Zima, na safari inayofuata ni ya kwa fundi. Rilei ya kinga, yaani swichi ya ndani inayounganisha spika baada ya mashine kutulia, huenda isibofye katika hatua hii kwa sababu volti inayofika ni ndogo. Hilo lisikutie wasiwasi. Mashine iliyokaa stoo miaka mingi iache hivyo kwa muda, kwa kuwa kapasita zake hupata nafasi ya kurudi katika hali yake taratibu.

Hatua ya 4: Pima matokeo ya spika

Ondoa ubao wa balbu, unganisha kwenye umeme wake halali, na usubiri mlio wa "tak" wa rilei, ambao kwa kawaida huja baada ya sekunde chache. Weka multimita kwenye volti za DC, gusa terminali nyekundu na nyeusi za spika za upande wa kushoto, kisha wa kulia. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, mashine inahitaji kurekebishwa, na zikisomeka volti kamili, spika ingeungua koili bila hata kutoa wimbo. Bei ya multimita ya kawaida ni ndogo kuliko ya spika moja nzuri, kwa hiyo sioni sababu ya kuikosa.

Hatua ya 5: Unga spika

Zima kwanza. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita chache. Ukivuka chumba kikubwa tumia 2.5. Sokota nyuzi za shaba vizuri ili hata moja isichomoze ikagusa terminali ya jirani. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa besi hupungua, na mwimbaji haonekani kusimama katikati. Ukiongeza jozi ya pili ya spika kwenye terminali za B, spika mbili za omu 8 kwa kila upande huwa mzigo wa omu 4, hivyo soma kiwango cha A+B nyuma ya mashine.

Hatua ya 6: Unga vyanzo

CD pleya, simu na redio huingia AUX, TUNER au CD. PHONO ni ya santuri pekee, kwani hupokea milivolti chache na kuzikuza sana. Simu ikiunganishwa hapo sauti hutoka imepasuka. Waya mwembamba wa ardhi wa santuri hufungwa kwenye skrubu ya GND.

Hatua ya 7: Iache izoee

Iweke penye hewa, na nafasi ya sentimita 10 juu yake. Piga kwa sauti ya wastani saa moja, ukigusa vipoza joto, yale mapezi ya chuma, mara kwa mara: uvuguvugu ni sawa, lakini kama mkono hauwezi kutulia hapo wakati muziki uko chini, zima.

Maswali ya wanachama

Swali (Nairobi): Mwalimu, asante kwa somo. Amplifaya yangu imeandikwa 100V, wati 160. Muuzaji amenipa transfoma ya kutoa volti 110, VA 200. Inatosha?

Jibu: Ndugu yangu, nisingeitumia. Transfoma ya 110 mara nyingi hutoa zaidi ya hapo umeme wa nyumbani ukipanda, na mashine ya 100V ikiishi hivyo kila siku kapasita na transista hupata joto lisilo la lazima. Tafuta inayotoa volti 100, yenye VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 300 au zaidi.

Swali (Tanga): Upande wa kushoto hukatika, na nobu ya sauti ikizungushwa hukwaruza. Spika imekufa?

Jibu: Badilishana waya za spika. Kimya kikibaki kushoto, tatizo ni spika au waya wake. Kikihamia kulia, tatizo liko ndani ya amplifaya. Kwa mkwaruzo huo ninashuku kontakti zenye kutu, jambo la kawaida pwani kwa sababu ya hewa ya chumvi. Zima, kisha zungusha kila nobu na ubonyeze kila swichi mara nyingi. Ikisaidia kidogo tu, fundi apulize dawa ya kusafishia kontakti, si grisi wala petroli. Tazama pia kama nyuma kuna vyuma vya umbo la U kati ya matundu ya PRE OUT na MAIN IN, yanayounganisha sehemu mbili za amplifaya. Kimoja kikilegea, upande mmoja hunyamaza.

Swali (Mombasa): Kuna mngurumo hata sauti ikiwa sifuri.

Jibu: Chomoa vyanzo vyote. Ukikoma, chanzo ni waya wa RCA, ule unaoleta sauti kutoka kwenye vyanzo, au santuri ambayo GND yake haijafungwa. Ukiendelea vilevile, mara nyingi ni kapasita kubwa za umeme zilizochoka, na kuzibadilisha ni kazi ya fundi. Zote mbili zibadilishwe pamoja, kwa volti zisizo chini ya zilizoandikwa juu ya zile za zamani.

Swali (Dodoma): Nimeambiwa niiache ipige saa mia mbili ndipo sauti ifunguke. Ni kweli?

Jibu: Kwa mashine iliyokwishapigwa miaka mingi, siamini. Transista hutulia zikishapata joto lake, na dakika 20 hadi 30 zinatosha. Iliyokaa bila kutumika inaweza kubadilika kidogo siku za mwanzo, kapasita na kontakti zinapoamka. Ikiwa baada ya wiki bado sauti ni nzito au imepasuka, rudia kipimo cha hatua ya 4 mashine ikiwa ya moto, kwa kuwa kuna hitilafu ambazo hazijitokezi ikiwa baridi.