Kupima TB ukiwa na VVU: makohozi, si mate

Lile bango la "ukikohoa wiki mbili nenda kapime" halimhusu mwenye VVU. Kwake kikohozi cha siku moja kinatosha. Kila siku ya CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, anatakiwa kuulizwa mambo manne: kikohozi, homa, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kupungua uzito. "Ndiyo" moja tu inampeleka maabara. Wengi hujibu "hapana" harakaharaka ili wawahi dirisha la dawa, na hapo kipimo cha kwanza kimeshapotea. Kwa mtoto, angalia pia kama uzito haupandi na kama kuna mgonjwa wa TB nyumbani.

Hatua ya 1: kutoa makohozi

Yatoe asubuhi unapoamka, kabla ya chai, kwa sababu usiku kucha yamekuwa yakijikusanya kifuani. Sukutua kwa maji matupu, bila dawa ya meno. Toka nje penye hewa, mbali na watu; chumbani au chooni utawaachia wenzako wadudu hewani. Vuta pumzi ndefu, ishikilie sekunde chache, iachie taratibu. Rudia. Ya tatu, kohoa kwa nguvu kutoka chini kabisa ya kifua na uteme kwenye kikopo bila kugusa ndani yake.

Zinahitajika mililita 3 hadi 5. Ukijaza kijiko cha chai umefika. Makohozi huwa mazito na yanavutika. Ukiona majimaji yenye povu, hayo ni mate, na mashine nzuri kiasi gani haitaona TB ndani ya mate. Yakigoma kutoka, mwambie muuguzi, usijaze kikopo ili mradi kimejaa. Kuna vituo vinavyomvutisha mgonjwa mvuke wa maji ya chumvi ili yalegee.

Hatua ya 2: kikopo

Kaza mfuniko. Jina liandikwe ubavuni, kamwe si juu ya mfuniko, maana mifuniko hubadilishana mezani. Kifike maabara siku hiyohiyo, mbali na jua. Kikilazimika kulala, kiwekwe kwenye friji, si friza.

Hatua ya 3: uliza ni kipimo gani

Darubini inahitaji maelfu ya bakteria katika kila mililita ndipo iwaone. Kinga ikishuka, mapafu hayatoboki sana, kwa hiyo bakteria wanaotoka na makohozi ni wachache. Mtu anaambiwa "hamna kitu" huku anaumwa. Omba mashine ya GeneXpert. Hutafuta vinasaba vya bakteria, hutoa jibu chini ya saa mbili tangu sampuli iingie mashineni, na huonyesha kama wadudu ni sugu kwa rifampisini, dawa kuu ya TB. Jibu likisema vimeonekana kwa kiasi kidogo mno, kwa mwenye VVU hilo huhesabiwa kuwa TB.

Aliye mahututi, au aliyelazwa na CD4 (hesabu ya chembe za kinga) iko chini ya 200, apimwe pia mkojo kwa kipimo cha LAM: matone machache, dakika 25. Kikisema hapana, bado usifunge faili. TB inaweza kuwa kwenye tezi za shingo, kwenye uti wa mgongo au kwenye maji yaliyozunguka pafu, na picha ya kifua ikaonekana safi.

Onyo moja: antibiotiki kama siprofloksasini za duka la dawa hupunguza makali ya TB kwa siku chache, kikohozi kinatulia, kipimo kinachelewa.

Maswali ya wanachama

Shikamoo daktari. Sina TB, mbona napewa dawa za kinga?
Marahaba. Bakteria wanaweza kuwa wamelala mwilini. Mtu mzima humeza vidonge vya isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki, dozi 12, au isoniazidi miligramu 300 kila siku kwa miezi 6 pamoja na vitamini B6, ili miguu isife ganzi. Lazima TB hai iondolewe shaka kwanza, la sivyo dawa hizo chache zitazaa usugu. Rifapentini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya chungwa, hilo halina shida. Ila hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango, tumia kondomu. Macho yakiwa ya njano, acha dawa na urudi kituoni siku hiyo.

Natumia TLD (kidonge cha ARV chenye dolutegraviri), nimekutwa na TB. Niache ARV?
Usiache, dada. Rifampisini huishusha dolutegraviri kwenye damu, hivyo kliniki itakuongezea dolutegraviri miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, hadi wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini.

Mume wangu kamaliza miezi miwili ya dawa. Tumrudishe GeneXpert tuone kama amepona?
Hapana. Mashine hiyo husoma hata vinasaba vya bakteria waliokufa. Maendeleo hufuatiliwa kwa darubini, mwezi wa 2, wa 5 na mwisho wa tiba.

Nina wiki tatu kwenye ARV na tezi zimevimba, homa imerudi. Dawa zinanidhuru?
Huenda kinga imeamka na kuanza kupambana na TB iliyokuwa imejificha. Usikatishe ARV. Nenda CTC kabla ya tarehe yako, sema ulianza lini, na utoe makohozi. Tezi nayo inaweza kuchomwa sindano ili usaha upimwe.