Reli ya stenlesi: kazi yote iko kwenye msasa

Wateja wa reli za ngazi hapa Dar wanataka kioo: bomba la 304 (aina ya stenlesi inayotumika sana) ujitazame sura. Fundi naye anakimbilia gurudumu la kitambaa na sabuni ya kupolishi (mche wa nta yenye unga wa kusugua), akidhani vitaficha mikwaruzo. Havifichi. Mkwaruzo wa msasa namba 120 (namba ikiwa ndogo, msasa ni mkali zaidi) ukishapolishiwa ndio unaonekana vizuri, hasa taa zikiwashwa jioni.

Anza na mshono wa kuchomelea. Ondoa nundu kwa diski ya msasa namba 80, grainda iende na kurudi bila kuikandamiza. Bomba hizi ni nyembamba. Ukituliza mkono unachimba bonde, au chuma kinageuka samawati kwa joto. Samawati hiyo iondoe yote, kutu huanzia hapo.

Na diski au brashi ya waya iliyogusa chuma cheusi (chuma cha kawaida) isiguse stenlesi kabisa. Chembe za chuma hujikita ndani, na kwa hewa yetu ya bahari madoa ya kahawia hayachelewi. Mteja atasema umempa feki.

Kisha panda: 120, 180, 240, 320, 400, 600. Usiruke. Siri iko kwenye mwelekeo: 120 ikifuata urefu wa bomba, 180 ipite kwa kuzunguka, 240 irudi kwenye urefu. Kwa kuzunguka, kata utepe wa msasa wa kitambaa, uupitishe nyuma ya bomba, uvute huku na huku kama mpiga kiwi. Hamia namba nyingine pale tu mistari ya mwelekeo uliopita imekwisha. Usiamini macho matupu. Washa tochi ya simu, laza mwanga ubavuni mwa bomba. Mstari mmoja ukijitokeza, rudi nyuma namba moja.

Kila ukibadilisha namba, futa kwa thina na kitambaa kingine. Punje moja ya 180 ikibaki, itakuchorea mstari mrefu ukiwa kwenye 400. Barakoa na miwani ni lazima, vumbi hili lina kromiamu.

Kwa kazi za stenlesi za jikoni mimi humshawishi mteja tuishie 320, mistari yote ya mwisho ifuate urefu. Alama za vidole hazionekani sana, na pesa inabaki mfukoni mwake.

Anayetaka kioo, baada ya 600 futa mara ya mwisho, vaa glavu safi, ndipo ushike sabuni. Kila sabuni na gurudumu lake.