Siku ya mwisho Ujerumani, toka nje ya Frankfurt

Kama ndege yako ya kurudi inaondoka Frankfurt usiku, usiumalize mchana madukani. Acha mizigo kwenye makabati ya stesheni kuu, maana vituo vya miji midogo mara nyingi havina, kisha panda treni ya kawaida hadi Gelnhausen. Mji huu ulianzishwa mwaka 1170 na Kaisari Friedrich Barbarossa, na magofu ya kasri lake bado yapo. Panda taratibu hadi kanisa la Marienkirche. Barabara za mawe hazina huruma, kwa hiyo viatu vya kupigia picha vibaki sandukani. Muda ukiruhusu, treni nyingine ndogo inakwenda Büdingen, mji wenye ukuta wa kale. Ukifika huko, mimi ningeanza na huo ukuta.

Mkiwa kundi, nunueni Hessenticket: tiketi moja ya siku kwa watu hadi 5. Siku za kazi inaanza kutumika saa 3 asubuhi, na haikubaliki kwenye treni za kasi za ICE. Jumapili karibu maduka yote hufungwa, basi zawadi za nyumbani zinunuliwe Jumamosi.