Jinsi ya kupita handaki la mabuu wanaong'aa, Newnes, Australia

Handaki hili limo katika Hifadhi ya Taifa ya Wollemi, juu ya Bonde la Wolgan, kaskazini mwa mji wa Lithgow, jimbo la New South Wales. Lilichimbwa ili reli iweze kuteremka hadi Newnes, kulikokuwa na kiwanda cha kukamua mafuta kutoka kwenye mawe. Reli ilianza kazi mwaka 1907, ikafungwa 1932, baadaye vyuma vikang'olewa. Urefu wa handaki ni mita 400 hivi, nalo limepinda sana. Mpindo huo ndio siri yake: ukifika katikati, mwanga wa mlango wowote haukufikii. Chini kunapita kijito, kwa hiyo unyevu upo na visubi hawakosekani.

Wanaong'aa humo ni mabuu wa nzi mdogo sana, Arachnocampa richardsae. Hawana undugu na vimulimuli wanaoruka kwetu msimu wa mvua; wale ni jamii ya mbawakawa. Buu huyu hukaa darini, hushusha nyuzi za hariri zenye matone yanayonata, kisha huwasha mwanga wa kijani-buluu mkiani. Kisubi huufuata mwanga, akanasa, akaliwa. Maisha ya buu ni ya miezi mingi, na akishakuwa nzi kamili huishi siku chache tu bila kula. Kwa hiyo kila ukimfanya azime, kwa tochi au kelele, umemkosesha riziki. Ukilielewa hilo, hatua zote zilizobaki zitakuelea.

Hatua ya 1: Uliza njia kabla ya kuondoka. Barabara ya Wolgan, upande wa bondeni, ilifungwa mwaka 2022 kwa sababu ya maporomoko. Wengi hupitia juu, nyanda za Newnes, kwa barabara ndefu ya vumbi ambayo baada ya mvua huwa tope tupu. Soma matangazo ya idara ya hifadhi asubuhi ya safari. Mtandao wa simu usiutegemee huko. Mwachie mtu ujumbe wa unakokwenda na saa ya kurudi. Namba ya dharura Australia ni 000.

Hatua ya 2: Vaa na beba vinavyofaa. Viatu vyenye meno, ambavyo hutahuzunika vikilowa. Koti, maana ndani ni baridi hata wakati wa kiangazi. Kila mtu awe na tochi yake, watoto pia. Ya simu haitoshi, na simu ikidondoka kijitoni safari imeharibika. Fimbo ya kutembelea ni msaada mkubwa. Dawa ya kufukuza mbu usijipulizie, kwani inaweza kumdhuru buu. Sigara na moto wowote ni mwiko.

Hatua ya 3: Ingia mchana. Katikati ya handaki ni giza saa zote, kwa hiyo hakuna sababu ya kutembea usiku kwenye genge. Kutoka maegesho ya juu, kwenda na kurudi ni kilomita 2.5 hivi. Siku za katikati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi, kwa sababu kelele na tochi za watu wengi huwasumbua hawa viumbe.

Hatua ya 4: Tembea na tochi ikitazama chini. Ielekeze miguuni tu, kwenye mawe na maji. Sakafu haina usawa na inateleza, basi nenda taratibu, mmoja nyuma ya mwingine. Ukiyumba, egemea fimbo. Ukutani usishike: nyuzi ni nyembamba mno na mkono mmoja hukata mitego ya mabuu kadhaa.

Hatua ya 5: Simama, zima, ngoja. Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanafika katikati, wanazima tochi dakika moja, wanaona nukta chache, wanasema "ndiyo haya tu?" kisha wanaendelea. Macho huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza kikamilifu, na mwako mmoja tu wa kioo cha simu unakurudisha mwanzo. Kwa hiyo kubalianeni mkiwa bado nje: tochi zote zizimwe kwa pamoja, simu ziingie mfukoni, hakuna kuongea. Kaeni angalau dakika 10. Mwanzo utaona dazeni moja, halafu nyuma yao wengine waliofifia, mpaka dari lote lijae. Watoto wakiogopa, washike mkono na uwanong'oneze, usiwashe. Mimi husimama hapo mpaka miguu ipate ganzi na bado naona haraka kuondoka.

Hatua ya 6: Picha. Stendi ya kamera, lenzi iliyofunguka sana, sekunde 30 au zaidi. Flashi hapana kabisa. Kama hapana nafasi ya kuweka stendi bila kuwazibia wengine njia, acha.

Hatua ya 7: Toka, kisha ungoje. Mlango wa pili unatokea kwenye korongo lenye mikangaga mirefu yenye umbo kama la minazi. Kurudi ni kwa njia ileile. Kabla ya kuingia tena, sikiliza kama kuna kundi ndani. Likiwapo, lipishe kwanza litoke, halafu wape mabuu dakika chache za kuwaka upya.