Tandiko halimkai poni: hatua za kumaliza mvutano na aliyekuuzia

Mivutano ya tandiko hukwama kwa sababu pande zote mbili zinabishana bila kipimo. Muuzaji anadai poni (farasi mdogo) amenenepa, mnunuzi anadai tandiko ni bovu, na mgongo wa mnyama unazidi kuumia. Kabla ya kupeleka malalamiko, fanya hivi.

1. Acha kulitumia leo hii. Kila safari inaongeza maumivu, tena inampa muuzaji sababu ya kusema umeshalichakaza. Pitisha vidole kwa mkazo wa wastani pande zote mbili za uti wa mgongo. Akishtuka, akijikunja au misuli ikikakamaa, andika ni wapi. Ukikuta uvimbe au kidonda, mwite daktari wa mifugo na uombe maelezo yake kwa maandishi.

2. Kagua tandiko tupu, bila nguo ya chini. Poni asimame mahali tambarare, miguu sawa, kichwa mbele. Liweke mbele kidogo, kisha livute nyuma mpaka litulie lenyewe nyuma ya kombe la bega. Yaangalie haya:
- Mbele, kati ya tandiko na kilele cha mabega, viingie vidole viwili au vitatu, hata mpandaji akiwa juu.
- Mfereji wa kati uwe wazi mwanzo hadi mwisho, upana wa vidole vitatu hivi, usiguse uti wa mgongo.
- Mito (sehemu laini za chini ya tandiko zinazolala mgongoni) isivuke ubavu wa mwisho, yaani wa 18. Poni wengi wana mgongo mfupi, hivyo hapa ndipo matandiko mengi yanaposhindwa.

Sasa ingiza kiganja chini ya mto, ukitelezeshe kutoka mbele kwenda nyuma. Ukibanwa mwanzoni na mwishoni huku katikati pakiwa wazi, uzito wote unaangukia sehemu nne ndogo tu. Tandiko likiyumba mbele na nyuma unapoligandamiza, limepinda kuliko mgongo.

3. Chora umbo la mgongo. Tumia rula ya kupinda: mstari wa kwanza nyuma tu ya kombe la bega, mingine kila baada ya sm 8 hivi hadi ubavu wa mwisho, na mmoja wa urefu wa mgongo. Hamishia kwenye karatasi, andika tarehe, halafu linganisha na michoro ya siku ya mauzo, kama ipo. Mistari ikilingana, hoja ya kunenepa imekufa. Ikitofautiana sana, kuwa mkweli: huenda muuzaji ana haki.

4. Mwandikie muuzaji. Taja kasoro, vipimo, picha za pande zote, unachotaka (marekebisho, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha) na muda wa kujibu, mfano siku 14.

5. Msipoelewana, tafuteni fundi wa matandiko asiye wa upande wowote. Kabla hajaja, kubalianeni kwa maandishi nani atamlipa na kwamba mtaufuata uamuzi wake.

Jihadhari sana na ahadi ya "tutaongeza sufu." Sufu inayojazwa ndani husawazisha mito iliyolala au upande uliopungua. Kiunzi (mfupa wa ndani unaolipa tandiko umbo) kikiwa chembamba, sufu zaidi inakibana zaidi. Dawa ni kubadilisha bamba la mbele la kiunzi, kama linabadilishika, au tandiko zima.

Maswali ya wanachama

*Muuzaji ananiambia niweke pedi nene. Nikubali?*
Kwa kiunzi chembamba, hapana. Ni sawa na kuvaa soksi nene ndani ya kiatu kinachobana. Pedi husaidia kwa muda pale tandiko lilipo pana kidogo.

*Nikivua tandiko naona madoa mawili makavu katikati ya jasho. Ni ushahidi?*
Peke yake hautoshi. Doa kavu huweza kuwa mgandamizo mkali au mahali pasipoguswa kabisa. Bonyeza hapo: akionyesha maumivu, piga picha. Nywele nyeupe zinaonyesha jeraha la zamani, kwa hiyo muuzaji atauliza lilitokana na tandiko lipi.

*Siku ya kununua hakuna aliyepima. Nimeshapoteza?*
Hapana. Kusanya picha za wakati ule, vipimo vya uzito na ujumbe mlioandikiana. Kama muuzaji aliahidi kwamba litamfaa poni huyo, ujumbe huo ndio hoja yako kubwa.

*Linateleza upande wa kulia tu.*
Mpandishe mtu mwingine kwanza, mradi mgongo hauna maumivu. Likitulia, tatizo ni ukaaji wa mpandaji. Likiendelea, kagua urefu wa mikanda ya vikuku (vya kukanyagia miguu), ujazo wa mito na mabega ya poni, kisha miguu yake ya nyuma, kwani kilema kidogo huko huvuta tandiko upande mmoja.